Bi Pimbi na Koo la Sauti Mbili

Hapo zamani za kale, wanangu, siku zile wanyama walipokuwa na milango ya kufunga na vyungu vya kupikia, kulikuwa na mjane mmoja jina lake Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Ni kanyama kadogo, kanene kama mkate, hakana mkia, na makao yake ni kwenye mapango ya mawe. Mumewe alikuwa amenyakuliwa na tai mwaka uliopita, yuu! mara moja, hata kuaga hakuaga. Akamwachia watoto watatu wachanga: Kijiwe, Kipara na Tikiti.

Mwaka huo jua lilikuwa kali. Mito ilikauka, madimbwi yakakauka, kijiji kizima kikabaki na kisima kimoja tu katikati ya mawe.

Kisima hicho kilikuwa na desturi yake. Hakuna aliyechota kabla ya kukiimbia. Ukifika, unaimba salamu ya kisima, na mlinzi wa kisima, Jumbe Nyati, anakupa mgongo, anautazama mwamba, anahesabu sauti kwa masikio tu. Kila sauti aliyoisikia, alidondosha kokoto moja kwenye kibuyu: tong'! Kokoto moja, kata moja ya maji, mara moja kwa siku. Kumtazama anayeimba kulikuwa mwiko mkubwa, maana walinzi wa zamani waliotazama waliwapendelea mashemeji zao.

Desturi nzuri, siyo? Lakini kila mtu alikuja na kata yake mwenyewe, ya kiasi anachoweza kubeba.

Kata ya Bwana Kiboko ilikuwa hori la kunyweshea ng'ombe. Kata ya Jumbe Nyati ilikuwa ndoo. Kata ya Fisi ilikuwa sufuria aliloliazima harusini akasahau kulirudisha. Na kata ya Bi Pimbi? Gamba la konokono! Gamba moja kwa vinywa vinne, kwa sababu watoto wachanga hawajui kuimba, na asiyeimba hahesabiwi.

"Jumbe," Bi Pimbi aliomba, "nina watoto watatu. Niongezee gamba moja tu."

"Wameimba?"

"Wanalia, Jumbe. Mmoja hata kulia ameacha."

"Kulia siyo kuimba," alisema Nyati, bado amempa mgongo. "Mwingine!"

Bi Pimbi akarudi pangoni na gamba lake. Akawagawia watoto, tone, tone, tone. Yeye akalamba gamba.

Asubuhi moja alimpakata Tikiti, yule aliyeacha kulia. Mama mwenyewe alikuwa na chembe ya asali imemgandia juu kwenye kaakaa, naye akawa anaifukuzia kwa ncha ya ulimi huku anambembeleza mtoto kwa pua na koo: "Mmmmmm... uuuuu..."

Mara akasikia juu ya sauti yake kitu chembamba kama birika linalochemka: "Fiiiiiii!"

Akanyamaza. Kile kitu nacho kikanyamaza.

"Nani huyo?" akauliza. "Kijiwe, ni wewe?"

Kijiwe alikuwa amelala. Bi Pimbi akachungulia chini ya kitanda, akachungulia ndani ya chungu. Hakuna mtu. Akarudi, akakaa, akainua ulimi tena.

"Mmmmm... uuuuu..."

"Fiiiiiii!"

"Mungu wangu! Kumbe ni mimi!"

Ndiyo, wanangu. Koo moja, sauti mbili: moja nene chini kama nyuki mzingani, moja nyembamba juu kama ndege aliyekaa mgongoni mwa ng'ombe. Alipobana midomo, ile ya juu ilishuka. Alipoilegeza kidogo, ilipanda. Ulimi ukiteleza, inakimbia, pyuu! Siku tatu nzima alijizoeza, mashavu yakamuuma, mate yakamtoka, mpaka akaweza kuishika ile sauti ya juu na kuitembeza atakavyo. Tikiti akafumbua macho, akacheka.

Hapo Bi Pimbi akapata wazo. Lilikuwa wazo la udanganyifu, sitalipaka rangi. Lakini nami nikiri, kwa kiu ya watoto wangu ningefanya hivyo hivyo, kisha nikatubu baadaye.

Akaenda kisimani. Nyati akageuka akautazama mwamba. Bi Pimbi akavuta pumzi.

"Mmmmmmm!" "Fiiiiiii!"

Tong'! Kimya kidogo. Tong'!

"Magamba mawili," alisema Nyati. Akasita. "Bi Pimbi, leo mko wawili?"

"Sauti ni mbili, Jumbe, kama ulivyosikia."

"Ehee. Haya, chota."

Siku nne watoto walikunywa magamba mawili. Siku nne kijiji kilisema hili na lile.

"Bi Pimbi kaolewa!" alisema Kanga.

"Na nani?"

"Sijui. Mwanamume mwenyewe ana sauti kama mbu."

Fisi hakuweza kuvumilia. Fisi akisikia jambo la nyumba ya mtu hapati usingizi mpaka alijue. Siku ya tano akajificha nyuma ya mshubiri karibu na kisima, akafumba jicho moja ili avunje mwiko nusu tu, na lile lingine akalitumia. Akamwona Bi Pimbi peke yake, midomo imeviringana, shingo imetuna.

"Mmmmmmm!" "Fiiiiiii!"

Tong'! Tong'!

"Mwizi!" Fisi akaruka juu. "Mwizi, mwizi, mwizi! Hakuna mume wala nini! Koo moja linatoa sauti mbili!"

Nyati akageuka, bu! Kiboko akaja mbio kutoka kwenye tope, vumbi likatimka, wanyama wote wakajaa.

"Ni kweli?" alinguruma Nyati.

Bi Pimbi aliweka gamba lake chini. Alijua hukumu. Aliyekidanganya kisima hachoti tena mpaka mvua inyeshe, na mbinguni hapakuwa na wingu hata la ukubwa wa ukucha. Aliwaza Tikiti, jinsi alivyocheka.

"Ni kweli, Jumbe," akasema.

"Basi hukumu unaijua. Kuanzia leo..."

"Ngoja, ngoja, ngoja," Bwana Kiboko akaingilia. Alijikuna shingo, akatazama hori lake, akamtazama Bi Pimbi. "Hivi, mama... hicho kitu... kinafundishika?"

Bi Pimbi akainua macho. Akaona Kiboko hana hasira hata kidogo. Alikuwa anameza mate. Fisi naye alikuwa ameshika sufuria lake, anahesabu kwa midomo: moja, mbili, moja, mbili. Hata Nyati, Jumbe mzima, alikuwa anaikodolea macho ndoo yake.

Lo! Wanataka mahori mawili, ndoo mbili, masufuria mawili! Wakijua hawa kuimba sauti mbili, kisima kitakauka siku ya pili. Na akikataa kuwafundisha, amefukuzwa. Akifundisha, kiu. Akikataa, kiu.

"Kinafundishika," alisema polepole. "Lakini..."

"Lakini nini?"

"Lakini hukumu, Jumbe. Mwalimu aliyefukuzwa hafundishi."

Nyati akakohoa. "Hukumu... tumeiahirisha. Wewe chota gamba lako moja kama kawaida. Fundisha!"

Kesho yake asubuhi darasa likaanza pale pale kisimani. Wanafunzi watatu wakakaa mstari mmoja: Nyati, Fisi, Kiboko. Bi Pimbi akasimama juu ya jiwe ili waonane uso kwa uso.

"Kwanza, sauti ya chini. Kama mzinga. Mmmmm."

"MUUUUUU!" walinguruma wote. Kanga watatu wakaanguka kutoka mtini.

"Sawa. Sasa midomo iwe mviringo, tundu dogo, kama tundu la nyuki."

Kiboko akafunua kinywa. Ungeweza kuegesha mkokoteni mle ndani.

"Bwana Kiboko, nimesema tundu. Sijasema lango."

"Hili ndilo tundu langu dogo!"

"Bana."

Akabana. Chura aliyekuwa amejipumzisha kwenye meno yake ya nyuma akatoka mbio, akilalamika.

"Sasa ulimi juu, uguse kaakaa."

Nyati akainua ulimi. Ukapita midomo, ukapinda, ukaingia puani.

"Juu ndani, Jumbe! Siyo juu nje!"

"Mbona huku ndiko unakojua njia?" Nyati alijibu kwa shida, maana ulimi ulikuwa safarini.

Fisi alijitahidi. "Uuuuu... uuuu... hi! hi hi hiii!" Akaruka kwa furaha. "Mmesikia? Ile ya juu! Nimeipata!"

"Hicho ni kicheko, Fisi."

"Ni sauti ya pili!"

"Ni kicheko chako cha kila siku. Hata jana matangani ulikitoa."

Mpaka jua la utosi hakuna aliyepata kitu. Kiboko akakasirika, akapiga mguu chini, gu! ardhi ikatikisika.

"Mama, wewe unatuficha! Kuna dawa hutuambii!"

"Kuna dawa!" alidakia Fisi. "Nilijua mimi! Sema, ama twende kwenye ile hukumu!"

Bi Pimbi akatazama chini. Miguuni pake palikuwa na vibuyu viwili vya Kanga, kimoja kitupu, kimoja kimejaa maji mpaka mdomoni. Akavitazama. Akavitazama tena. Kisha akapumua kama mtu anayekubali kutoa siri ya ukoo.

"Basi. Mmenishinda. Njooni karibu."

Wakasogea. Vichwa vitatu vikubwa vikamziba jua.

Akainua kibuyu kitupu, akapuliza mdomoni mwake: "Vuuuuuum!" Akapuliza kwa nguvu zaidi, na juu ya ule mvumo kikatoka kilio chembamba: "Fiiii!"

"Haaa!" wakasema wote.

Akainua kilichojaa. Akapuliza: "Pfu!" Maji yakamrukia Fisi usoni.

"Mmeona wenyewe. Kibuyu kitupu, sauti mbili. Kibuyu kilichojaa, pfu. Sasa mimi nakunywa maji kiasi gani? Robo gamba la konokono, mengine ya watoto. Ndiyo maana naimba. Na ninyi je? Hori zima! Ndoo nzima! Hapo sauti ya pili itakaa wapi, wazee wangu?"

Nyati akalitazama tumbo lake. Kiboko akalipiga lake kofi: dubwi! Likajibu kwa maji.

"Kweli kabisa!" alinong'ona Kiboko. "Mimi nimejaa!"

"Siku saba," alisema Bi Pimbi. "Tone la kisima lisipite kooni. Umande ruksa. Matango pori ruksa, maana hayo ni chakula. Bwana Kiboko, kulala topeni ruksa. Kumeza marufuku."

Matango pori yalikuwa mengi kule nyuma ya kilima, ila ni machungu na ya kuchosha kuyatafuta, na hao wakubwa hawakuwahi kujisumbua nayo. Bi Pimbi hakutaka wafe. Alitaka tu kisima kipumzike.

Basi siku saba hizo, wanangu, kulikuwa na vituko. Asubuhi ungemwona Jumbe Nyati amepiga magoti, analamba umande kwenye jani mojamoja, slap, slap, na ndevu zimejaa sisimizi. Kiboko alitafuna matango pori huku machozi yanamtoka. Fisi alikaa kuwachunga wenzake.

"Bwana Kiboko, nakuona! Unakunywa!"

"Nanusa tu!"

"Pua ina kina gani mpaka iingie yote?"

"Nanusa maji ya chini, ndiyo yana harufu nzuri!"

Na kila jioni, Fisi akienda nyuma ya kichaka, Kiboko naye alisikia: klu, klu, klu.

"Fisi! Nini hicho?"

"Nasukutua! Nimetema!"

Huku kisimani maji yalipanda. Siku ya kwanza yaligusa jiwe la chini. Siku ya tatu jiwe la pili. Siku ya sita yalikuwa juu mpaka Kobe aliweza kunywa bila kamba. Nyati, aliyedhoofika kwa kiu, alichoka kubishana na waliorudi mara ya pili. Kanga akaimba, akachota, akarudi akaimba tena, akachota tena. Panya Buku na Bi Pimbi wakafanya hivyo hivyo. Na Kijiwe, Kipara na Tikiti? Walikunywa mpaka matumbo yakawa kama ngoma, na Tikiti akapata nguvu ya kumng'ata kaka yake sikio.

Siku ya nane ikawa siku ya mtihani. Kijiji kizima kilikuja.

"Nani atahesabu?" aliuliza Fisi kwa sauti ya kwaruzakwaruza. "Jumbe naye ni mwanafunzi."

"Mwalimu ahesabu," alisema Nyati. "Na wote tuliopo, desturi ni desturi. Migongo!"

Wote wakageuka. Bi Pimbi akautazama mwamba, kokoto mkononi, kibuyu mbele yake. Akawaza. Wakishindwa wote watatu, je, si watarudi kwenye ile hukumu?

Akaanza Fisi. "Khhhhh... khhh... khh."

Hakuna kokoto.

"Nilikuwa napasha koo!" alilia Fisi.

"Mwingine."

Jumbe Nyati akajikusanya. "Mmmmm... mmmm-khoh! Khoh! Khoh!"

Tong'.

"Kikohozi hakihesabiwi?"

"Hakihesabiwi, Jumbe."

Akaja Bwana Kiboko. Tumbo lake lilikuwa na matango pori ya siku saba, na mnajua matango pori yanavyofanya tumboni. Akapanda juu ya jiwe. Akabana midomo. Akainua ulimi. Akavuta pumzi mpaka macho yakamtoka, akasukuma, akasukuma, akasukuma kwa nguvu zote alizopewa na Muumba.

"MUUUUUUUUU..."

Na papo hapo, Mungu anisamehe kwa neno hili, kutoka upande wa pili wa Kiboko:

"PRRRRRRRRRRIIIIIIIII!"

Ndefu. Nyembamba mwishoni. Ya kupendeza, ukiwa mbali.

Hakuna aliyepumua. Wengine kwa mshangao, wengine kwa sababu nyingine.

Bi Pimbi alitetemeka mabega. Aliuma mdomo, akajifinya paja. Alisikia sauti mbili. Desturi ni kusikia.

Tong'! Tong'!

"MBILI!" Kiboko akaruka, jiwe likapasuka. "Mbili! Mmesikia? Mbili!"

"Ile ya pili imetoka nyuma!" alipiga kelele Fisi. "Nimeona mwenyewe!"

"Umeonaje?" Nyati akamgeukia. "Si tumeambiana migongo?"

Fisi akafumba jicho moja haraka. "Sikuona... nimenusa."

"Kunusa siyo kuhesabu!" alisema Kiboko. "Mwalimu kadondosha kokoto mbili! Mimi ni mwimbaji wa sauti mbili!"

Vicheko vikapasuka, kwa kwa kwa! Kanga walilala chini.

Lakini Bi Pimbi hakucheka tena. Alitazama kisima, kimejaa hadi ukingoni. Alitazama watoto wake, wamenenepa. Alimtazama Nyati, Jumbe wa watu, mbavu zimeanza kuonekana na ulimi una sisimizi. Roho ikamsuta. Akapanda juu ya kipande cha lile jiwe.

"Wazee wangu, nisameheni. Nimekosa. Ile habari ya kibuyu kitupu ni uongo."

Wanyama wakatazamana.

"Sauti ya pili haitaki kiu. Inataka ulimi, midomo, na kurudiarudia siku nyingi. Nilitaka kisima kijae, wanangu wanywe. Niliogopa kusema. Kunyweni maji, wazee wangu. Na mkinihukumu, nihukumuni."

Akainamisha kichwa. Akangoja.

"Hee!" alisema Kiboko. "Mnamsikia? Mnamsikia huyu mama? Leo nimefaulu, leo anasema dawa ni uongo!"

"Bwana Kiboko, ile sauti yako..."

"Wivu! Umeona mwanafunzi amekupita, sasa unataka ninywe maji, sauti ipotee! Mimi? Ng'o!"

"Lakini Jumbe," Bi Pimbi alimgeukia Nyati, "wewe angalau unaniamini?"

Nyati alikuwa ametazama chini. Akafuta pua.

"Mama, usijilaumu kwa ajili yetu," alisema kwa upole. "Nami nikiri. Siku ya tatu nililamba ndoo. Ndiyo maana nimepata moja tu."

"Na mimi nilisukutua," alisema Fisi kwa aibu. "Mara nne kwa siku. Na sikutema."

"Basi ndiyo hayo!" alisema Nyati. "Dawa haina kosa. Wenye kosa ni sisi. Tunaanza upya, siku saba nyingine."

"Nawaambia ukweli, mnisikie!" Bi Pimbi alikaribia kulia. "Haki ya Mungu, nilidanganya!"

"Mnyenyekevu sana huyu mama," Fisi alimwambia Nyati. "Hataki sifa."

Wakamsamehe kosa la kwanza la kukidanganya kisima, wakamkatalia hilo la pili kabisa, na wakaondoka zao kuelekea nyuma ya kilima kutafuta matango pori. Mbele yao alitembea Bwana Kiboko, kifua mbele, sasa ndiye mwalimu.

"Siri ni kusukuma," alikuwa anawaeleza. "Bi Pimbi anafundisha midomo tu. Hajui nusu ya elimu hii."

"Tusukume wapi, mwalimu?"

"Pote!"

Bi Pimbi aliwaita mara tatu. Hawakugeuka. Akasimama pale kisimani mpaka kishindo chao kikapotea, kisha akawaita Kijiwe, Kipara na Tikiti, na Kobe, na Kanga, na Panya Buku. Wakanywa, na yaliyobaki yakawatosha mpaka mvua iliponyesha.

Anayetamani kuwazidi wenzake, wanangu, hata ukimpa ukweli mkononi atadhani unamwonea wivu.